Baiti Sita kwa Kila Mtoto

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa nimetembea kutoka Kianda, kule Kibera, mpaka zahanati ya Kawangware 46, Apiyo mgongoni na Adongo kifuani, na sista wa chanjo akaniambia kwamba nina mtoto mmoja. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na orodha ndefu iliyochapishwa na kompyuta, ile karatasi yenye vitobo pembeni, akashusha kidole mpaka nambari yangu, akasoma: msichana, miezi tisa, kilo nane na nusu, surua tayari. "Huyu ameshachomwa, Mama. Dawa ni kidogo na hatudungi mtoto mara mbili." Nikamwambia aliyechomwa ni Apiyo, wiki tatu zilizopita. Adongo siku hiyo alikuwa na homa, akarudishwa, na homa ilipokwisha dawa nayo ilikuwa imekwisha Kianda. Nikampa kadi. Akasema kadi watu wanajiandikia nyumbani, yeye anafuata orodha. Nikamwambia basi ampime. Akampima: kilo sita na nusu. "Amepungua," akasema. Hapo ndipo. Niliwafungua wote wawili nikawaketisha juu ya meza yake, juu ya ile orodha yenyewe, mmoja kushoto, mmoja kulia, nikasema, "Sista, hesabu." Akavuta pembe ya orodha. "Toa watoto mezani, Mama." "Hesabu kwanza. Kwa sauti." Mwanamke mmoja nyuma yangu akaropoka, "Aki sista, si uhesabu tu! Ni wawili, hata mimi bila miwani naona," na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Katika ploti yetu surua ilikuwa imeingia, mtoto wa mlango unaotazamana na wetu alikuwa na vipele mpaka kwenye kope, na Adongo ndiye aliyekuwa dhaifu kati ya wangu. Sista akachungulia orodha chini ya nepi ya Adongo, akasema polepole, "Mashine inasema mmoja." Ningeitukana mashine yake, ningemtukana na yeye, lakini sikuwa na haki, kwa sababu aliyeiambia mashine nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa karani wa kuingiza watoto katika kompyuta ya Kianda, na wangu wote wawili niliwaingiza kwa mkono huu.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Sauda, mwanamke aliyenifundisha kazi hiyo, na ndiyo maana haya yote yamenirudia. Wanaume walipompeleka makaburini sisi wanawake tulibaki uani kwake Kambi Muru, juu ya mikeka, na binti yake Sauda akatupitishia gurusa za moto, zile chapati laini za kwao, na chai ya tangawizi. Nilikaa kati ya wanawake wa Kinubi waliomjua tangu utotoni, nikasikiliza. Mmoja alisifu bamia yake. Mwingine alisifu jinsi alivyojifunga nguo yake ya gurbaba, kwamba hata akichota maji haikuteleza. Mwingine akasema, "Na ile kazi yake ya kompyuta, ilikuwa ni nini hasa?" Akajibiwa, "Kompyuta gani, na wewe? Alikuwa anapiga chapa tu pale zahanati." Nikaweka kikombe chini. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba mama huyu aliwahi kumfunga mtoto mzima ndani ya baiti sita za kompyuta, akamrusha kwenye waya wa simu mbovu, na mtoto akafika upande wa pili na chanjo zake zote. Lakini ningeanzia wapi? Na kama ningesema hilo ningelazimika kusema pia kwamba baadhi ya watoto hawakufika, na kwamba mimi ndiye niliyemshtaki. Basi nikameza gurusa yangu. Nimekuja kuyaandika.

Aliniajiri pacha wangu wakiwa na miezi miwili. Nilikuwa nimemaliza Form Four na kupata cheti cha taipureta, na hasira nyingi, na hasira siku hizo haikuwa na mahali pa kufanyia kazi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha zahanati ya Kianda, ukuta wa mabati upande mmoja na wa udongo upande mwingine, dirisha moja lenye nondo, na kompyuta iliyofunikwa leso kwa sababu ya vumbi. Aliponiona na watoto wawili hakuuliza nitawaweka wapi. Alitoa karatasi za uchapaji kwenye boksi kubwa, akatandika shuka ndani, akalisukuma chini ya meza. "Weka hapo, Mama Pacha. Wakilia tutajua wako hai." Yeye alikuwa amekuwa mpiga kadi katika kampuni ya bima mjini, zamani zile kompyuta zilipokuwa zinalishwa kadi zenye matundu, na akajifunza kuandika programu kwa kusimama nyuma ya wanaume waliotumwa kozi. "Wao walikuwa wanaandika kwenye daftari," aliniambia. "Mimi nilikuwa naandika kichwani, kwa sababu hakuna aliyenipa daftari." Ng'ambo ya mabati kulikuwa na wanawake wawili wasusi, na siku nzima tulisikia mambo ya ndoa za watu. "Yule mzee wa Kinubi kule ndani anaongea na redio," mmoja alisema siku modemu, ile mashine ya kutumia kumbukumbu kwa simu, ilipopiga kelele zake. "Si mzee, ni mama." "Sauti kama hiyo ya kuamrisha?" Mama Sauda akainua uso kutoka kwenye kioo cha kompyuta akasema kwa nguvu, "Nasikia, Akinyi! Na mume wako pia nasikia habari zake!" Ndoa za watu hatukuzisikia tena mpaka saa ya chai.

Tatizo la mradi wa chanjo lilikuwa simu. Kianda kulikuwa na kompyuta ya aina moja na programu yake, Kawangware ya aina nyingine na programu nyingine, na mama akihama kutoka huku kwenda kule, au dawa ikiisha huku, mtoto wake alitakiwa ajulikane kule. Mwanzoni walituma kwa waya wa simu kila kitu kama kilivyoandikwa kitabuni: jina la mtoto, la mama, la kijiji, "amepata", "hajapata". Laini ilikuwa inakatika baada ya dakika chache, na wakianza upya, wanaanza na yule mtoto wa kwanza. Kwa hiyo wale wa mwanzo wa daftari walifika mara nyingi na wale wa mwisho hawakufika kamwe. Mama Sauda aliketi wiki mbili, akaacha kula mchana, akatoka na mpangilio wake. Alinieleza kwa trei ya mayai. Aliikata kwa kisu cha mboga zikabaki nafasi kumi na sita, akaleta maharagwe. "Nafasi hii ni chanjo ya kifua kikuu. Haragwe limo, amechanjwa. Halimo, bado. Sasa niambie, nikuandikie 'amechanjwa' ya nini, herufi kumi, na haragwe moja linatosha?" Chanjo tisa, nafasi tisa. Mvulana au msichana, nafasi moja. Kilo akazihesabu kwa nusunusu, nafasi tano zikatosha uzani wa mtoto yeyote wa mradi. Trei hiyo nzima katika kompyuta ni baiti mbili. Baiti mbili nyingine ni nambari ya mama. Mbili za mwisho ni siku ya kuzaliwa, ila hakuandika tarehe. Alihesabu siku kuanzia siku moja waliyokubaliana pande zote mbili, kwa hiyo mtoto alikuwa nambari tu, siku ya elfu ngapi. Mbili, mbili, mbili. Jina hakulituma. "Jina liko kwenye kadi, mama analo mkononi. Waya haubebi kile ambacho mama anabeba."

Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nasema kizuri, najua ninachosema. Nilikuwa nimelelewa na watu waliofungasha vyombo vya nyumba nzima kwenye shuka moja usiingie hata upepo, nikajua ufungashaji ni akili, lakini huu ulikuwa wa aina nyingine: hakuna alama ya kutenganisha, hakuna nafasi tupu, hakuna neno la kueleza hiki ni nini, kwa sababu anayepokea ameshajua kila kitu kinakaa wapi. Sikupewa elimu hiyo shuleni. Nilifundishwa na mwanamke mwenye trei ya mayai, kati ya kikombe cha chai ya strungi na sahani ya maharagwe ambayo baadaye tuliyachemsha tukayala na chapati. Siku ya kwanza ya kutuma tulihesabu milio. Modemu ililia, ikakoroma, ikatulia, na kabla laini haijapata nafasi ya kukatika, watoto wote wa Kianda, wote, mpaka wa ukurasa wa mwisho, walikuwa wamevuka. Mama Sauda alijikung'uta unga wa mandazi kifuani akasema, "Haya. Tumemaliza, na chai haijapoa."

Haikwenda sawa mara moja. Kule Kawangware mpokeaji alikuwa Kariuki, kijana mpole aliyeandika programu ya upande wao, na asubuhi hiyohiyo alipiga simu akisema ana watoto ambao watazaliwa miaka mia na zaidi ijayo. Nilimsikia Mama Sauda akimsomesha. "Kariuki, wewe hesabu ishirini na tano kwa Kiswahili. Umeanza na nini? Ishirini, kubwa. Sasa mimi chuo cha Kurani nilifunzwa Kiarabu, na Mwarabu anasema tano na ishirini, ndogo mbele. Mashine yangu ni Mwarabu, yako ni Mswahili. Baiti ninayotanguliza ni ile ndogo, wewe unaisoma kama kubwa. Geuza." Akamsikiliza. "Geuza wewe, mimi ni mzee." Kisha akacheka, akafunika simu kwa kiganja, akaniambia, "Anageuza. Mama Pacha, shika hili: mapatano si mashine, ni watu wawili. Nikibadilisha huku kitu kidogo tu na yeye hajui kule, hatapata kosa. Atapata uongo ulio safi kabisa." Nilishika. Sikujua ningekuja kulihitaji neno hilo dhidi yake.

Siku ile ya mezani nilirudi Kianda kwa hasira kiasi kwamba sikumbuki njia. Mama Sauda hakuwepo, alikuwa kwenye kikao mjini. Nilifungua kompyuta yetu: Apiyo yupo, Adongo yupo, majina mawili, mistari miwili. Kwetu walikuwa wawili. Basi nikachukua kalamu nikawafunga wote wawili kwa mkono kama alivyonifundisha, baiti kwa baiti. Nambari ya mama: yangu, na yangu. Siku ya kuzaliwa: ileile, na ileile. Nikakaa nikitazama karatasi. Mpokeaji wa Kawangware alimtambua mtoto kwa vitu hivyo viwili tu. Alipokuja wa pili akiwa na mama yuleyule na siku ileile, alimchukulia kuwa ni yuleyule: akajumlisha maharagwe yao kwenye trei moja, akahifadhi kilo za mwisho zilizoandikwa. Tangu Adongo arudishwe na homa yake sikuwa nimemwandika tena. Apiyo ndiye niliyemwandika mwisho. Kwa hiyo Adongo aliishi ndani ya dada yake, amechanjwa kwa sindano ya dada yake, mnene kwa kilo za dada yake.

Nikampigia Kariuki. Akasema, "Aii, pacha. Hatukufikiria pacha." Kisha akanipa njia ambayo, alisema, sista mmoja hutumia. "Andika tu Adongo alizaliwa kesho yake. Siku moja mbele. Mashine itaona wawili, jioni nakuletea orodha mpya, asubuhi anachomwa. Ni siku moja tu, Mama Pacha." Sitadanganya kwamba nilikataa papo hapo. Niliandika. Kidole kilikuwa juu ya kibonye. Nilihitaji sindano ile kuliko nilivyohitaji ukweli. Kilichonizuia ni kitabu cha usajili kilichokuwa wazi kando yangu, majina kwa mwandiko wangu, na jicho likaangukia Odongo mmoja, mtoto wa mama mwingine kabisa. Kwetu Waluo pacha hawachaguliwi majina. Wa kwanza kutoka ni Opiyo, au Apiyo kama ni msichana; anayemfuata ni Odongo au Adongo, na ndivyo hata kwa jirani zetu wengi wa Kiluhya. Mtu akisema jina lake amekuambia alitoka wa ngapi. Nikavuta nakala yetu ya orodha ya Kawangware, nikaanza kupitia kitabu nikitafuta kila Odongo na kila Adongo. Wengine walikuwa wamepewa jina la babu tu, hawana mwenzao, nikawaacha. Waliobaki, mmoja baada ya mwingine, hawakuwepo Kawangware. Opiyo mmoja kule alikuwa amegeuka msichana, kwa sababu Adongo wake ndiye aliyeandikwa mwisho. Pacha wa Wakikuyu na Wakamba majina yao hayakunisaidia, hao niliwatafuta kwa nambari ya mama iliyojirudia. Walipotimia kumi na mmoja niliondoa kidole kwenye kibonye. Ningebadilisha siku ya wangu, asubuhi ningekuwa mama mwenye furaha, na kumi wangebaki ndani ya ndugu zao, katika ploti zenye surua, na mimi nikijua.

Mama Sauda alirudi alasiri akakuta sijafunika kompyuta. Sikumsalimu. Nilimwekea mbele karatasi yangu ya baiti kumi na mbili, sita juu na sita chini. Aliitazama kwa muda mfupi sana. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Alivuta kiti, akakaa, akaondoa miwani. Nilikuwa nimepanga kumpigia kelele, nikasema kwa sauti ndogo kuliko nilivyotaka, "Mama Sauda, umempoteza mtoto wangu." Akasema, "Nimempoteza." Hivyo tu. Hakusema simu ilikuwa mbovu, hakusema Kariuki, hakusema mimi ndiye niliyeingiza. "Nilidhani mama na siku vinatosha kumjua mtu," akasema. "Nilihesabu kila kitu isipokuwa tumbo." Kisha akainuka, akaleta ile trei ya mayai, akaweka kidole kwenye nafasi ya kumi na sita, ambayo siku zote ilikuwa tupu, sikuwahi kuuliza kwa nini. "Hii niliiacha kwa chanjo mpya ikija. Haragwe halimo, ni wa kwanza. Limo, ni wa pili." Nikamwambia, "Na wakiwa watatu?" Akavaa miwani, akanitazama juu yake. "Wakija watatu utanishtaki tena."

Nilidhani tumemaliza, kwamba ataandika usiku huo na kesho iwe sawa. Akatikisa kichwa. "Nikianza kuweka haragwe hapo na Kawangware hawajui, wataliacha, na watoto watabaki hivyohivyo, au watalisoma kitu kingine. Na nikimwambia Kariuki kwa simu, itakuwa siri ya watu wawili, na akiondoka Kariuki, inaondoka. Andika malalamiko. Rasmi. Kwa kamati ya mradi, kwa daktari msimamizi, pande zote mbili wasaini." "Nikushtaki wewe?" "Kwani nani mwingine aliutengeneza?" Akaniwekea taipureta na karatasi ya kaboni. Adongo alikuwa amelala ndani ya boksi, Apiyo anamvuta sikio. Nikaandika, nikampa asome. Alisoma kwa kalamu mkononi kama mwalimu. Mahali nilipoandika kwamba mpangilio ulifanywa kwa nia njema na mtu hodari kuliko wote, alikata mstari. "Hapa umenionea huruma. Toa. Mtu akiona sifa anadhani kosa ni dogo." Mahali nilipoandika "baadhi ya watoto" aliandika juu yake, "wangapi? majina." Nikachapa upya. Nimefanya kazi na watu wengi tangu mwaka ule, wenye digrii na magari, na sijakutana na mwingine aliyenishikia kalamu ili nimshtaki vizuri zaidi.

Asubuhi nilirudi Kawangware, safari hii na mama wanane walioweza kuja na watoto wao, na foleni ikatupisha yenyewe. Daktari msimamizi alisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena, akamwambia sista afungue boksi la dawa. Adongo alilia kwa hasira, akakojoa, akalala. Wengine walifuata. Nafasi ya kumi na sita ilianza kutumika pande zote mbili siku moja, baada ya Kariuki na Mama Sauda kusaini karatasi moja. Nakala yangu ya kaboni imefifia lakini inasomeka:

KWA KAMATI YA MRADI WA CHANJO, KIANDA NA KAWANGWARE.
KUH: WATOTO PACHA KUTOWEKA KATI YA MASHINE MBILI.

Mimi ni karani wa kuingiza kumbukumbu, Kianda. Naleta malalamiko rasmi dhidi ya mpangilio unaotumika kutuma kumbukumbu za watoto kutoka mashine ya Kianda hadi ya Kawangware, na dhidi yangu mwenyewe kwa kuutumia bila kuuliza. Mpangilio huo unamtambua mtoto kwa nambari ya mama na siku ya kuzaliwa peke yake. Waliozaliwa pamoja wanasomwa kuwa mtoto mmoja, na chanjo ya mmoja inahesabiwa ya wote. Watoto kumi na mmoja wamepotea hivyo. Majina yao yako nyuma ya barua hii.

Nataka wachanjwe leo kwa kadi zao, bila kungoja mashine. Nataka nafasi ya kumi na sita ya kumbukumbu itumike kuonyesha wa kwanza na wa pili, na pande zote mbili zibadilishe siku moja na kutia saini, kwa sababu upande mmoja ukibadilisha peke yake utatengeneza uongo. Nataka sista yeyote akatazwe kubadilisha siku ya kuzaliwa ya mtoto ili mashine iridhike. Na mpaka hayo yafanyike, orodha isitumiwe kumfukuza mtoto ambaye yuko mbele ya macho ya sista. Aliyetengeneza mpangilio amesoma barua hii na hana pingamizi.

Ikiwa kamati itaona haya hayawezekani, naomba nijibiwe kwa maandishi, na jibu litaje kwa jina ni yupi kati ya mabinti zangu wawili ambaye hayupo.